Lupu imegoma au inatoa jibu la ajabu? Fanya hivi kabla hujaifuta programu yako

Juzi usiku binti wa mama mdogo alinipigia simu, sauti ya mtu aliyekaribia kulia kabisa, ananiambia kaka hii programu imenishinda nataka niifute yote nianze upya. Anajifunza Python (lugha ya kuandikia programu), huu mwezi wa pili, na alikuwa anaandika kitu kidogo tu cha kumsaidia mama yake mahesabu ya kikundi, ile ya kuweka akiba ambapo kila mtu anatoa 2000 kila siku, mwisho wa mwezi mjue fulani ana shilingi ngapi. Siku 30 mara 2000 ni 60,000, hata bila kompyuta unajua. Sasa alipoiendesha mara ya kwanza skrini ikatulia tuli, feni ya laptopu ikaanza kuunguruma, jibu hamna, erori hamna, akazima akawasha bado vilevile. Akagusa hapa akagusa pale, ikatoa 58,000. Akagusa tena, ikatoa 2000. Hapo ndo akanipigia.

Nikamwambia mdogo wangu usifute kitu, fungua laptopu twende nayo polepole. Nataka niandike hapa tulichofanya usiku ule pamoja na mengine ambayo nimeyaona kwa watu wengi wanaoanza, kwasababu lupu (sehemu ya programu inayorudia mistari ileile tena na tena) ndo mahali pa kwanza watu wengi wanakata tamaa wanasema mambo ya kompyuta sio fungu langu, na inaniuma sana maana ukija kuangalia shida ilikuwa mstari mmoja, wakati mwingine hata sio mstari, ni alama moja tu.

Kabla ya yote uelewe shida ya lupu iko wapi. Mstari wa kawaida ukikosea unauona, uko pale. Lupu inarudia mistari ileile mara 30 au mara 3000, na kila ikizunguka kuna namba zinabadilika ndani yake, ila wewe huzioni. Unaona ulichoandika mwanzo na unaona jibu mwisho, katikati hujui kimetokea nini. Kwahiyo mtu anaanza kubahatisha, anabadilisha < kuwa <=, anaongeza 1 mahali, anatoa 1 mahali, mara jibu linakuja sawa na hajui kwanini limekuja sawa, kesho linaharibika tena. Dawa ni kuacha kubahatisha na kuilazimisha lupu ikuonyeshe kila mzunguko ilikuwa imeshika nini. Ni hiyo tu, mengine yote nitakayosema ni njia za kufika hapo.

Kwanza isimamishe

Programu ikikwama usikimbilie kuzima laptopu. Kama unaiendeshea kwenye ile skrini ya kuandika amri, shikilia Ctrl alafu bonyeza C. Kama unatumia Thonny (naipendekeza sana kwa anayeanza, ni programu ya bure ya kuandikia Python, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanafunzi hasa) juu pale kuna kitufe chekundu cha kusimamisha. Ukiikata kwa Ctrl na C Python itaandika KeyboardInterrupt na itakupa namba ya mstari iliokuwa inaufanya wakati unaikata. Watu wengi wakiona yale maandishi wanashtuka wanayafunga haraka, usiyafunge, huo ndo ushahidi wako. Endesha tena, kata tena, fanya hivyo mara tatu. Kama kila ukikata inakutajia mistari ileile miwili mitatu basi lupu inayozunguka bila kusimama umeshaipata, hata kama programu yako ina mistari 200.

Ya binti, ambayo alikuwa ameshairudisha kama ilivyokuwa mwanzo pale ilipogoma, ilikuwa hivi:

```
siku = 1
jumla = 0
while siku <= 30:
    jumla = jumla + 2000
print(jumla)
```

Hapa kuna maswali matatu ambayo nayauliza kwa lupu yoyote ile, na nakuomba uyazoee mpaka yatoke yenyewe: inaanzia wapi, inasimama lini, na ni nini kinachoisogeza kila mzunguko. Nikamuuliza, siku inaanzia ngapi? Moja. Lupu inasimama lini? Siku ikizidi 30 kaka. Haya, sasa ndani ya lupu ni mstari gani unaoiongeza siku? Akakaa kimya kidogo. Alafu akacheka, akasema kumbe haiongezeki.

Ndo hivyo, siku ni 1 leo na 1 milele, na 1 daima ni ndogo kuliko 30, kwahiyo sharti (ule ulinganisho ulioandikwa baada ya neno while) linabaki kweli na lupu itazunguka mpaka umeme ukatike. Akaongeza mstari siku = siku + 1, akaendesha, ikakwama tena! Nikamwambia nitumie picha ya skrini. Kumbe mstari ameuandika chini ya lupu lakini umeanzia ukingoni kabisa kushoto, sawa na print (amri ya kuandika kitu kwenye skrini), na kwenye Python ile nafasi ya mwanzo wa mstari ndo inayosema nani yuko ndani ya lupu na nani yuko nje. Mstari uliosogea kulia kama wenzake uko ndani, unarudiwa. Uliorudi kushoto uko nje, unasubiri lupu iishe ndo ufanywe, na kama lupu haiishi basi zamu yake haifiki. Kwahiyo hata ukiwa na mstari sahihi hakikisha umekaa ndani.

Kama unaandika C au Java au JavaScript wewe hii ya nafasi haikuhusu, nyie mna mabano, ila mna lenu: nukta mkato ikikaa mara tu baada ya sharti, yaani `while (i < 10);`, hiyo nukta mkato yenyewe ndo inakuwa mwili wa lupu, inazunguka bila kufanya chochote na mabano yako yaliyo chini hayaguswi. Nimemwona mtu amekaa masaa na hiyo.

Kuilazimisha iseme

Njia ya kwanza na nyepesi kuliko zote ni kuweka print ndani ya lupu. Wapo wanaosema hiyo ni njia ya kitoto, usiwasikilize, hata watu walioandika programu miaka 20 wanaitumia. Ila iweke kwa akili. Kuprinti namba tupu kutakupa mvua ya namba usizojua ni za nini, andika na jina lake:

```
while siku <= 30:
    print("naanza mzunguko: siku", siku, "jumla", jumla)
    jumla = jumla + 2000
    siku = siku + 1
print("nimetoka: siku", siku, "jumla", jumla)
```

Ile print ya kwanza iwe juu kabisa ndani ya lupu, na nyingine iwe nje baada ya lupu. Ya juu inakuambia mzunguko umeingia ukiwa na nini, ya nje inakuambia lupu imetoka ikiwa na nini. Ukiwa na hizo mbili makosa mengi yanajionyesha yenyewe.

Kama lupu haisimami print zitamwagika mpaka usione kitu, kwahiyo ipe breki ya muda:

```
breki = 0
while siku <= 30:
    breki = breki + 1
    if breki > 50:
        print("imezidi!", siku, jumla)
        break
    jumla = jumla + 2000
```

Hii ya pale juu iliyokuwa haiongezi siku ukiiendesha na breki itaandika imezidi! 1 100000, yaani imezunguka mara 50, hela imefika laki moja, na siku bado ni 1. Hapo unahitaji uambiwe nini tena? Ukimaliza kazi breki unaitoa.

Na jambo jingine, punguza ukubwa. Usidibagi (yaani kutafuta kosa) na siku 30, dibagi na siku 3. Badala ya faili yenye wanachama 40 weka watatu, andika jibu unalolitegemea kwenye karatasi kabla hujaendesha, 3 mara 2000 ni 6000. Ukipata 4000 au 8000 unaona hapohapo kwamba mzunguko mmoja umepungua au umezidi, lakini 58,000 ukiikuta peke yake unaweza ukaipita tu ukadhani iko sawa.

Hiyo karatasi usiidharau. Chora mistari, safu moja ya siku, safu moja ya jumla, uwe wewe ndo kompyuta, usome mstari mmoja mmoja kama ulivyoandikwa na sio kama ulivyokusudia. Hii ndo sehemu ngumu, maana macho yako yanajua ulitaka kusema nini, yanasoma nia badala ya maandishi. Binti nilimwambia anisomee kwa sauti kwenye simu, kila mstari, na mara mbili alijishika mwenyewe katikati ya sentensi kabla mi sijasema neno.

Ile 58,000

Alipoirekebisha mara ya kwanza mwenyewe, kabla hajanipigia, aliandika `while siku < 30`. Inaanzia 1, inaishia 29, kwasababu 30 sio ndogo kuliko 30. Mizunguko 29 mara 2000 ndo hiyo 58,000. Kosa la mzunguko mmoja kuzidi au kupungua ndo kosa maarufu kuliko yote kwenye lupu na halimwachi mtu, mwanafunzi wala mzoefu.

Chanzo chake ni kwamba kuhesabu nafasi na kuhesabu vitu ni mambo mawili tofauti. Mtu ana uzio wa mita 100 ulionyooka, anataka nguzo kila baada ya mita 10, anunue nguzo ngapi? Ukimuuliza mtu haraka atakwambia 10. Ni 11, kwasababu kuna ile ya kuanzia. Au tarehe 1 mpaka tarehe 30 ni siku ngapi, 30 ukitoa 1 unapata 29, lakini siku ni 30. Fundi aliyewahi kwenda dukani mara ya pili kwa ajili ya nguzo moja analijua hili vizuri sana.

Alafu kuna hili ambalo sisi tunaozungumza Kiswahili linatupiga zaidi. Tukisema kuanzia 1 hadi 30, ile 30 imo. Mtu akikwambia duka linafunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, Jumamosi utaenda na utalikuta wazi. Sasa range(1, 30) ya Python, inayoipa lupu namba moja baada ya nyingine, mtu anaisoma kichwani "moja hadi thelathini" na anaamini, kumbe Python ile ya mwisho haiigusi, inaishia 29. Mi huwa naisoma hivi: anzia 1, ukiiona 30 simama mlangoni usiingie. Ukitaka siku 30 andika range(1, 31), au range(30) ambayo inaanza na 0 mpaka 29, nayo ni mizunguko 30 kamili.

Na listi nazo zinaanza kuhesabiwa na 0. Kwahiyo listi ya majina matatu ina nafasi 0, 1 na 2, nafasi ya 3 haipo (len hapa chini ni idadi ya vitu kwenye listi, yaani 3):

```
majina = ["Asha", "Juma", "Neema"]
i = 0
while i <= len(majina):
    print(majina[i])
    i = i + 1
```

Hii inaandika majina yote matatu vizuri alafu inakufa na IndexError: list index out of range. Ukiona hiyo erori baada ya kazi yote kufanyika sawasawa, nenda moja kwa moja kwenye sharti la lupu, mara nyingi utakuta <= mahali palipotakiwa <. Na kiukweli kama hauhitaji namba ya nafasi andika tu `for jina in majina:` uachane na i kabisa. Lupu ambayo haina cha kuhesabu haiwezi kukosea kuhesabu.

Jibu lenyewe linakuambia ugonjwa

Hii naipenda kuliko zote. Ukipata jibu la makosa usilifute haraka, litazame, linafanana na nini? Binti alipopata 2000 nikamuuliza, 2000 ni nini kwenye programu yako? Ni mchango wa siku moja. Basi lupu imekumbuka siku moja tu. Tukaangalia tukakuta alisogeza jumla = 0 ikaingia ndani, kwahiyo kila mzunguko unaanza kwa kufuta hela za jana. Hii ni sawa na mweka hazina ambaye kila asubuhi anachana ukurasa wa daftari.

Kwenye listi unaiona wazi zaidi. Chukua michango 5000, 3000 na 7000, jumla inatakiwa 15,000.

```
michango = [5000, 3000, 7000]
for m in michango:
    jumla = 0
    jumla = jumla + m
print(jumla)
```

Inatoa 7000, yaani ile ya mwisho. Ukiona jibu lako ni sawa na kitu cha mwisho kwenye listi, kuna kitu kinafutwa kila mzunguko. Na hii nayo:

```
def jumlisha(michango):
    jumla = 0
    for m in michango:
        jumla = jumla + m
        return jumla
```

Inatoa 5000, ile ya kwanza, kwasababu return imekaa ndani ya lupu na return ikifikiwa tu fankisheni (kile kipande chote kilichoanza na def) inafungwa na safari imeishia hapo. Isogeze kushoto iwe sawa na for. Kwahiyo jibu likifanana na la mwisho tafuta kinachofuta, likifanana na la kwanza tafuta return au break iliyokaa vibaya, likiwa limepungua au limezidi kwa kiasi cha mzunguko mmoja angalia mipaka, na likiwa 0 kabisa uliza kama lupu iliingia hata mara moja. Hiyo ya mwisho inatokea sana, sharti lilikuwa uongo tangu mwanzo, ile print ya ndani haijaandika kitu na mtu anahangaika kurekebisha mistari ambayo haijawahi kufanywa.

Lupu ndani ya lupu sheria inageuka na ndo maana inachanganya watu:

```
wiki = 1
siku = 1
while wiki <= 4:
    while siku <= 7:
        print(wiki, siku)
        siku = siku + 1
    wiki = wiki + 1
```

Unategemea mistari 28, unapata 7 tu, ya wiki ya kwanza. Wiki ya pili ikianza siku bado ni 8, hamna aliyeirudisha, lupu ya ndani haiingii tena. Hapa siku = 1 inatakiwa iwe ndani ya lupu ya nje, juu kidogo ya ile while ya pili. Kwahiyo jumla ya mwezi mzima inaanzishwa nje, kihesabio cha lupu ya ndani kinaanzishwa upya kila mzunguko wa lupu ya nje. Kila ukiandika variabo (jina linaloshika namba, kama siku au jumla) inayoanza na 0 au 1 jiuliza, hii inatakiwa ianze upya lini?

Mitego mingine mitatu

Mtego wa input, ile amri ya kumwomba mtumiaji aandike kitu. Mtu anaandika programu ya kupokea namba mpaka mtumiaji aandike 0, anaweka `while jibu != 0` (!= maana yake si sawa na), anaandika 0, haisimami, anaandika 0 tena, haisimami. Sababu ni kwamba input inarudisha maandishi na sio namba, na "0" ya maandishi haijawahi kuwa sawa na 0 ya namba. Print ya kawaida haitakusaidia kwasababu zote zinaonekana 0 kwenye skrini, tumia print(repr(jibu)), ukiona alama za nukuu pembeni yake '0' basi ni maandishi, izungushie int( ), inayogeuza maandishi kuwa namba, na iendelee. Na hakikisha input ipo ndani ya lupu pia, la sivyo utauliza mara moja na lupu itazunguka na jibu lilelile.

Mtego wa kufuta vitu kwenye listi huku unaipitia. madeni = [0, 0, 4000], unataka utoe zile sifuri:

```
for d in madeni:
    if d == 0:
        madeni.remove(d)
```

Unabaki na [0, 4000]. Fikiria unakagua foleni benki, umesimama mbele ya mtu wa kwanza, unamtoa, foleni nzima inasogea hatua moja mbele, na wewe nawe unasogea hatua moja kwenda kwa wa pili. Yule aliyekuwa wa pili sasa ni wa kwanza, umempita hujamkagua. Usifute kwenye listi unayotembea juu yake, tengeneza listi mpya tupu na uingize unaowataka kwa append.

Mtego wa desimali huu ni wa ajabu kidogo mpaka uujue. Unajaza lita moja kwa 0.1 kila mara:

```
lita = 0
while lita != 1:
    lita = lita + 0.1
    print(lita)
```

Haisimami. Angalia print, ya tatu ni 0.30000000000000004 na ya kumi ni 0.9999999999999999, alafu inaruka 1.0999999999999999 na kuendelea mbele. Kompyuta inahifadhi namba kwa mfumo wa mbili (0 na 1 tu), na 0.1 kwenye mfumo huo haina mwisho, kama vile moja kugawa kwa tatu kwetu ni 0.333 isiyoisha, kwahiyo inakata mahali na vile vipande vidogo vinajikusanya. Wengi wanaweka < badala ya !=, ni kweli itasimama, ila itazunguka mara 11 maana ile 0.9999999999999999 bado ni ndogo kuliko 1. Suluhisho safi ni kuhesabu kwa namba nzima, badala ya lita tumia mililita, 100 mpaka 1000, na kwenye hela vilevile hesabu senti.

Na usidhani haya ni ya wanaoanza tu

Tarehe 31 Desemba 2008 vifaa vya kusikilizia muziki vya Microsoft, Zune ya GB 30, viliganda kwa wakati mmoja kwa watu wengi mno. Shida ilikuwa lupu. Kulikuwa na sehemu ya kugeuza idadi ya siku tangu 1980 kuwa mwaka, ukiiandika kwa Python ni hivi:

```
while siku > 365:
    if mwaka_mrefu(mwaka):
        if siku > 366:
            siku = siku - 366
            mwaka = mwaka + 1
    else:
        siku = siku - 365
        mwaka = mwaka + 1
```

Chukua karatasi uifanye mwenyewe. 2008 ulikuwa mwaka mrefu, tarehe 31 Desemba ni siku ya 366. Siku ni 366, ni zaidi ya 365, tunaingia. Mwaka ni mrefu, ndio. Siku zimezidi 366? Hapana, ziko sawasawa. Basi hamna kinachofanyika, tunarudi juu, siku bado 366, tunaingia tena. Swali la tatu lile, nini kinaisogeza? Hamna. Siku nyingine zote za mwaka ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, na miaka mirefu ya nyuma ilipita salama kwasababu siku zilizobaki zilikuwa nyingi kuliko 366. Zune ilitoka 2006 kwahiyo hiyo ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kukutana na siku ya 366. Ushauri uliotolewa kwa wateja ulikuwa waache betri iishe kabisa, wasubiri mpaka mchana wa tarehe 1 Januari kwa saa za Greenwich, wachaji, wawashe.

Ndo maana nasema jaribu mipaka. Lupu ikishatoa jibu sahihi kwa namba ya katikati bado hujamaliza. Ipe listi tupu, ipe kitu kimoja, ipe ile namba iliyo sawasawa na ya kwenye sharti, ipe moja zaidi yake.

Ukitaka kuona mzunguko bila print

Thonny ina njia ya kutembea hatua kwa hatua. Fungua View alafu Variables, upande utaona meza ya variabo zako, alafu bonyeza Ctrl na F5 badala ya kuendesha kawaida, kila ukibonyeza F7 inafanya hatua moja ndogo na namba kwenye meza zinabadilika mbele ya macho yako. Kwa mara ya kwanza kuelewa lupu hamna kitu kizuri kama hiki, binti alipoona jumla inarudi 0 kila mzunguko alipiga kelele mpaka mama mdogo akaamka kuuliza kuna nini.

Kama huna Thonny, kuanzia Python 3.7 unaweza kuandika breakpoint() ndani ya lupu, programu ikifika hapo inasimama inakusubiri. Andika p siku ikuonyeshe siku, n iende mstari unaofuata, c iendelee mpaka mzunguko mwingine, q kutoka. Lupu ikiwa ndefu na unashuku mzunguko wa 29 tu, usikae kubonyeza mara 29, iweke ndani ya if:

```
    if siku == 29:
        breakpoint()
```

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu na ikapona hujui kipi kimeiponya, na mara nyingi kwa viwili kati ya hivyo vitatu umeongeza bagi (kosa) nyingine mpya. Ile programu iliyotoa 58,000 alafu 2000 iliharibika hivyo, alirekebisha alama ya sharti sawa kabisa na dakika hiyohiyo akasogeza jumla = 0 ndani, akaona jibu limekuwa baya zaidi, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa mwanzo.

Tulimaliza kama saa sita na nusu usiku. Ikatoa 60,000, tukatoa zile print za majaribio, alafu nikamwambia ijaribu na mwezi wa siku 31, ikatoa 62,000, ijaribu na Februari ya siku 28, 56,000, na mtu aliyejiunga leo ambaye hana siku hata moja ikatoa 0. Sasa anataka iweze kurukaruka siku ambazo mwanachama hakutoa, nimemwambia aandike kwanza kwenye karatasi mfano wa siku 3, mtu katoa ya kwanza na ya tatu, jibu liwe 4000, ndo afungue laptopu.